Mitumba: kabla hujachagua upande, soma historia

1/ Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani aseme mitumba imeua viwanda vyetu. Kesho yake mwingine anajibu kwamba anayegusa mitumba anagusa sahani ya maskini. 2022 mjadala uliwaka tena kwa sababu ya maneno kuhusu nguo za wafu. Wote wawili wanaruka historia. Uzi 👇

2/ Tuanze na jina. Mtumba ni furushi, lile robota linalofunguliwa sokoni. Tanzania nguo hizi ziliitwa pia "kafa Ulaya". So hii dhihaka ya nguo za wafu haikuanza juzi.

3/ Baada ya uhuru, serikali ililinda viwanda vya nguo. Kisumu kulikuwa na KICOMI, Nanyuki Mountex, na miaka ya 70 Eldoret ikapata Rivatex. Nguo kuukuu kutoka nje zilibanwa. Kazi zilikuwepo, lakini nguo mpya haikuwa kitu cha kununua kila mwezi.

4/ Mwanzo wa miaka ya 90 soko likafunguliwa, IMF na Benki ya Dunia wakisukuma. Mitumba ikamiminika. Rivatex ikaanguka mwisho wa muongo huo. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007, na ilifunguliwa upya 2019.

5/ Je, ni mitumba peke yake? Hapana. Kulikuwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, umeme ghali, mashine zilizozeeka, usimamizi mbovu, na mkulima wa pamba aliyecheleweshewa malipo mpaka akapanda kitu kingine. Kiwanda hakikufa kwa ugonjwa mmoja. Anayekuahidi dawa moja, muulize maswali.

6/ 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba pole pole hadi 2019. Mwaka uliofuata, wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kitisho kilikuwa AGOA, sheria ya 2000 iliyoruhusu nguo zetu kuingia kule bila ushuru.

7/ Kenya, yenye viwanda vya Athi River vinavyoshonea soko hilo, ilirudi nyuma mapema. Rwanda ilikaza: ushuru ulitoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya nguo zake. Kumbe hata uamuzi wa ushuru wetu hautolewi Nairobi pekee.

8/ Sasa njoo huku kwetu Kipkelion. Baridi ya huku haina mchezo, na sweta nzito ya mtumba ndiyo mtu wa kipato cha chini anaweza kumudu. Sehemu ya karo yangu ilitoka kwa mitumba, so sitawaambia ni laana. 2020 uagizaji ulipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, familia nyingi zilisikia uchungu huo mfukoni.

9/ Lakini kuna jambo ambalo jukwaani halisemwi: mwisho wa nguo. Kila robota lina kamera, zile safi zinazochaguliwa kwanza, na lina fagia, zile za mwisho. Fagia isiyonunulika inaenda wapi? Shimoni au motoni. Pamba itaoza. Poliesta ni plastiki, haiozi, na ukiichoma moshi wake unaingia jikoni kwako. Anayetuuzia robota halipii hiyo takataka.

10/ Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka mzalishaji abebe mzigo wa taka yake, na kaunti ziwe na mahali pa kutenganisha taka. Mgombea akija, usimuulize tu "uko na mitumba au viwanda?" Muulize: mahali hapo pako wapi hapa Kericho? Nguo zimo? Mkulima wa pamba atalipwa lini?

11/ Na sisi? Kagua mshono na zipu kabla ya kulipa. Ukiweza, chagua pamba au sufu. Nguo ikichanika, mpelekee fundi wa cherehani pale sokoni. Nguo inaendelea kuishi na yeye anapata riziki. Isiyovalika tena, kata matambara ya kudeki.

12/ Hayo hayatafufua KICOMI. Ila mtu anayejua nguo yake imetoka wapi na inaenda wapi ni vigumu kumdanganya kwa kauli moja ya jukwaani. Kama huko kwenu kuna mahali nguo kuukuu zinapokelewa, andika hapa chini.