Askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili

Askari wa Keya ni Mwafrika aliyetumikia King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza lililoundwa mwaka 1902. Kati ya 1939 na 1945 watu zaidi ya 300,000 wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia jeshini, katika Keya au katika vikosi vya madereva, wapishi na vibarua. Wapo waliojiandikisha kwa kutaka mshahara. Wapo waliokusanywa na machifu.

Kwanza walipelekwa Abyssinia kuwang'oa Waitalia. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 1/6 ya Tanganyika ilipigana Colito, na kambi kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina hilo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 kambi ikaitwa Lugalo, mahali Mkwawa alipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Jina jipya linastahili kabisa. Hata hivyo, vijana wa Tanganyika waliofia Colito walipoteza ukumbusho wao mkubwa nyumbani.

Mtihani mzito zaidi ulikuwa Burma. Safari yenyewe iliua: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Katikati ya mwaka huo Divisheni ya 11, yenye nembo ya kifaru, ilianza kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Ilikuwa masika ya huko, mvua ya miezi. Magari yalizama kwenye tope, na chakula kikadondoshwa kwa miavuli kutoka angani. Askari alilala na nguo mbichi na kuamka nazo mbichi. Malaria iliwalaza wengi kuliko risasi. Desemba walifika Kalewa, na hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la vyuma la Bailey lenye futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Waliorudi walilipwa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo kilekile alipata hadi mara tatu ya Mwafrika. Dhuluma hiyo haina maelezo mengine. Baadhi walijitosa katika siasa, kama Waruhiu Itote, askari wa Burma aliyekuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Wengi walirudi shambani.

Aliyepigana Burma alistahili Nyota ya Burma: shaba yenye ncha sita, utepe wa buluu wenye mstari mpana mwekundu katikati. Nishani za vita vya 1914–1918 zilichorwa jina la mwenyewe ukingoni. Hii Uingereza iliitoa bila jina, na mjukuu anayeikuta leo sandukuni hawezi kujua kwa kuitazama ilikuwa ya babu yupi.