Jina Lenye Uhuru Ndani Yake

Mswahili akiliona jina Saoirse kwa mara ya kwanza atalisoma herufi kwa herufi, Sa-o-i-ri-se, kama tulivyozoea. Kumbe hutamkwa Sirsha, na wengine husema Sersha. Ni neno la Kiayalandi, na maana yake ni uhuru.

Nimekutana nalo mara nyingi mwaka huu, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu majina waliyopewa watoto katika zama za kudai uhuru. Nilianzia kwetu. Uhuru Kenyatta alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Waingereza kumwachilia baba yake, na zaidi ya miaka miwili kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Mtoto alitangulia, uhuru wenyewe ukafuata.

Saoirse nalo lilitoka kwenye siasa. Halimo katika majina ya kale ya watakatifu na malkia wa Ayalandi, kama Brigid na Méabh. Ni jina la karne ya 20, lililotokana na neno la watu walioinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1916 na kupata dola yao mwaka 1922. Dola hiyo iliitwa Saorstát Éireann, yaani Dola Huru ya Ayalandi. Saor ni huru, na ndiyo mzizi wa Saoirse.

Kwa nini basi linawashinda watu kulisoma? Wengi husema tahajia yake haina mpango. Inao. Katika Kiayalandi, herufi aoi kwa pamoja kwa kawaida husomwa i ndefu. S iliyo jirani na e au i husomwa sh. Iliyo jirani na a hubaki s. Anayezijua kanuni hizi hasiti. Anayesita ni yule anayelisoma kwa macho ya Kiingereza, na macho hayo yana historia.

Shule za taifa zilizoanzishwa Ayalandi mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Sehemu nyingi, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama yake alichongewa alama kwenye kijiti alichovishwa shingoni, kisha akachapwa kwa hesabu ya alama hizo. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shuleni kwa kusema lugha ya kwao hahitaji kuelezwa zaidi. Ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni ng'ambo, na iliumiza zaidi magharibi, ambako lugha ilikuwa hai. Makaratasi nayo yalitaka majina ya Kiingereza: msichana aliyeitwa Gobnait nyumbani aliweza kuandikwa Abigail au Deborah.

Leo Saoirse linapendwa. Mwigizaji Saoirse Ronan, aliyezaliwa New York mwaka 1994 na wazazi Waayalandi, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar akiwa na miaka 13 kwa filamu ya Atonement, na tangu hapo ameulizwa mara nyingi jina lake linatamkwaje. Yeye hujiita Sersha. Mwaka 2016 jina hilo liliingia kwa mara ya kwanza katika orodha ya majina 1,000 yanayoongoza kwa watoto wa kike Marekani. Pamoja na umaarufu huo likaja shauri kwa wazazi: liandikeni Seersha, mumwondolee mtoto usumbufu.

Shauri hilo lina huruma. Ni mtoto, si mzazi, atakayewasahihisha walimu, wauguzi na maafisa wa uhamiaji maisha yake yote. Lakini Seersha si neno. Halina saor ndani yake, limebaki sauti tupu. Hata Uhuru tungeweza kuliandika Oohooroo ili lisomeke kwa urahisi London, na Mombasa lisingekuwa na maana yoyote.

Mimi ningeliacha lilivyo. Kumsahihisha mgeni ni kazi ya sekunde mbili tatu, na kila mara msichana huyo anaposema "ni Sirsha", mtu mmoja zaidi anajifunza neno la lugha ambayo watoto wa Ayalandi walichapwa kwa kuisema.