Kuni, Mawese na Fedha za Umma Pwani ya Rumonge

Kusini mwa mji wa Rumonge, barabara iendayo Nyanza-Lac hupita kando ya msitu wa Kigwena, mmoja wa misitu michache ya tambarare iliyosalia ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Jirani yake ni mashamba ya michikichi. Chikichi hazitoi mawese vizuri mpaka zichemshwe, na kuchemsha kwataka kuni.

Bei ya petroli ilipopanda mwaka 1973, Burundi, nchi isiyo na bahari wala kisima cha mafuta, ilibanwa sana. Mwaka 1977 serikali iliunda shirika la ONATOUR ili lichimbe udongo wa vinamasi unaowaka, utumike badala ya kuni. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani, mitambo ya gesi ya samadi ilijengwa Cankuzo, upande wa pili wa nchi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikatiza mengi ya hayo.

Pwani, fedha za umma zilikwenda kwenye michikichi yenyewe. Hapana shaka wananchi walinufaika. Lakini Machi 1980 ilitoka sheria ya mbuga za taifa na hifadhi za asili. Basi dola iliyostawisha zao lenye kutaka moto ndiyo hiyo iliyojitwika ulinzi wa miti. Mikamulio midogo ya watu binafsi ilipoenea baadaye, habari ya kuni iliachwa kwa mkamuaji.

Wavuvi walipata bahati njema zaidi. Huko Mvugo, katika Nyanza-Lac, dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, walianikwa mchangani. Walichukua hata siku tatu kukauka, wakashika mchanga, na mvua ikinyesha wakaoza. Kuanzia mwaka 2004 mradi wa FAO ulionyesha vichanja vya wavu wa waya, vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja. Upepo ukipita chini na jua likipiga juu, kazi humalizika kwa saa nane hivi. Jua ni lilelile. Kilichonunuliwa ni waya na miti, na majirani wakaiga kwa fedha zao.

Mabilioni ya faranga yamefuata njia nyingine. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Murembwe, mito ya milima ya kusini. Mwaka 2020 ikatoa milioni 100 nyingine kwa SOLEIL, mradi wa umeme wa jua vijijini, ambao kwa busara uliweka pia fungu la biashara ndogo na majiko banifu.

Umeme huo utawasha taa na kuzungusha mashine, lakini pipa la chikichi ni jambo jingine. Makapi na maganda ya chikichi yakikauka huwaka vizuri, na tanuri la matofali lenye dohani hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Mkamuaji anayekopa ili anunue chikichi hana akiba ya kulijenga.