"The Lion King": Kifo cha Baba na Ami Muuaji Mbele ya Mtoto Yatima

SWALI:

Sisi ni watu wa Unguja, tunaishi Mandawa, Ruangwa, kwa biashara ya korosho. Tunamlea mtoto wa marehemu shemeji yangu, ana miaka saba. Ameangalia katuni ya "The Lion King" kwa jirani, na tangu siku hiyo hataki kula sahani moja na ami yake wala kulala karibu naye. Anauliza pia kama baba yake anamwona kutoka mawinguni. Je, katuni hii inafaa?

JIBU:

Tunaanza na yaliyomo ndani yake, kwani wazazi wengi huwaachia watoto wakidhani katuni ni katuni tu.

Filamu hii ilitolewa na Walt Disney mwaka 1994, ikatengenezwa upya mwaka 2019. Ile ya kwanza iliruhusiwa Marekani kwa watu wa umri wote. Ya pili, ambayo wanyama wake wanafanana na wa kweli, iliwekewa tahadhari kwa wazazi. Mfalme Mufasa ana ndugu yake, Scar, anayeutaka ufalme. Scar anamwacha mtoto Simba bondeni, fisi wanawatimua nyumbu, na baba anaingia kumwokoa mwanawe. Anapopanda jabali kujinusuru, ndugu yake anamtupa chini. Mtoto anaukuta mwili, anajaribu kuuamsha, kisha anajilaza ubavuni mwake. Hapo ami anamtwisha lawama ya kifo hicho na kumwambia akimbie asirudi.

Kwa mtoto ambaye baba yake yuko chumba cha pili, hiyo ni huzuni ya usiku mmoja. Huyu wenu ameona kisa chake mwenyewe, na ami akiwa ndiye muuaji. Tunalolihofia zaidi ni lile asilolisema: huenda anadhani baba yake alikufa kwa kosa lake. Watoto wa umri huo hudhani hivyo mara nyingi. Mwambieni wazi, kwa maneno machache, sababu ya kifo cha baba yake, kwamba ajali yake ilifika, na kwamba yeye hakufanya lolote. Mrudieni hata siku tatu nne.

Ami naye asimkasirikie wala asimlazimishe. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alilelewa na ami yake Abu Twaalib tangu umri wa miaka minane, na amesema kuwa ami wa mtu ni kama baba yake. Kisa hicho asimuliwe na ami mwenyewe, wakiwa njiani kwenda msikitini au shamba.

Jambo jengine ni la huko mliko. Kwa watu wa Lindi simba si hadithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania, na Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Basi asitishwe kwa simba ili alale. Mtume amekataza kumtisha Muislamu, hata kwa mzaha.

Ama hukmu, hatuoni kuwa huzuni peke yake inaiharamisha katuni. Chuoni tunawasomesha watoto kisa cha Nabii Yuusuf, aliyetupwa kisimani na ndugu zake. Picha za watoto wanazuoni wamekhitilafiana, na wanaoruhusu hutaja wanasesere wa Bibi 'Aaishah. Nyimbo ni mas-ala mengine. (Hiyo "hakuna matata" inayoimbwa humo, sisi wa visiwani tunaisikia zaidi kwa watalii.)

Lenye kasoro ya itikadi ni baba aliyekufa kutokea mawinguni akazungumza na mwanawe, na wafalme waliopita kuangalia kutoka kwenye nyota. Maiti wako barzakh, hawaji kutuagiza. Lakini msimkatie mtoto kwa "hapana" tu. Mfundisheni kumwombea baba yake maghfira, kwani dua ya mtoto mwema ni katika yale matatu yanayomfikia maiti.

Kwa hiyo mtoto huyu asiiangalie tena kwa sasa, na jirani aelezwe kwa wema. Wenziwe wakiiangalia, awepo mkubwa wa kuwafafanulia hilo la mawinguni.

Wallaahu a'lam.