Kushindwa na Matumaini katika Michezo

Tarehe 22 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Ujerumani, beki wa Zaire Ilunga Mwepu alichomoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga mpira wao wa adhabu. Ulimwengu ulicheka, ukidhani kwamba hajui sheria. Kwa upande wetu hatucheki. Siku 4 kabla yake, Leopards, mabingwa wa Afrika, walikuwa wamefungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0, na kadiri Mwepu alivyosimulia baadaye, watu wa Mobutu waliwaonya kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3 hawatarudi kwao. Walifungwa 3. Hofu iliwafikisha pale ilipowaagiza, wala si hatua moja mbele.

Twakikumbuka kisa hicho kwa kuwa hapa Goma tumezoea kuwaambia vijana wa Stade de l'Unité wapige moyo konde, kana kwamba matumaini ni kipaji cha kuzaliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, aliyatazama kwa namna nyingine. Yeye na wenzake waliwajaribu waogeleaji wa chuo kikuu cha Berkeley: baada ya kuogelea, kila mmoja aliambiwa kwamba ametumia muda mrefu kuliko ule wa kweli, akapumzika, kisha akaogelea tena. Waliozoea kuhesabu kushindwa kuwa jambo la siku hiyo tu hawakupungua mwendo. Waliozoea kujihukumu wenyewe walipungua. Mmoja wa waogeleaji hao, Matt Biondi, alikosa dhahabu katika mashindano yake 2 ya kwanza huko Seoul mwaka 1988, kisha akaondoka na dhahabu 5.

Basi ni nani amfundishaye kijana maana ya kushindwa? Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alitenganishwa na jamaa yake na vita akiwa mtoto, akakaa siku 8 msituni kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Huko alijifunza judo. Huko pia, kama alivyosimulia mwenyewe, mchezaji aliyeshindwa alifungiwa chumbani na kupunguziwa chakula. Mwaka 2013 yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu, walifika Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakabaki kuomba hifadhi.

Kocha Geraldo Bernardes aliyewapokea alikuta kazi asiyoitazamia. Nguvu walikuwa nazo. Ila mazoezini waliwaangusha wenzao kwa ukali, kama watu wanaopigania uhai. Ilibidi wajifunze kwanza kwamba mwenzi wa mazoezi si adui, na kwamba kuangushwa mkekani ni sehemu ya somo. Kwetu sisi, huo ndio ustadi wa akili wenyewe, na hayo mengine, kupumua taratibu au kuliona pambano moyoni kabla halijaanza, hufuata nyuma yake.

Tarehe 10 Agosti 2016 wote wawili walipanda mkekani katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, yenye wanamichezo 10. Mabika alishindwa pambano lake la kwanza. Misenga, katika uzani wa kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia. Alishindwa, lakini baada ya kumkabili kwa dakika kadhaa, huku uwanja ukimshangilia. Alirudi tena katika michezo ya Tokyo mwaka 2021, akashindwa mapema.

Vijana wetu wa Goma, hasa tangu Januari 2025, hawana uhaba wa mambo ya kuwavunja moyo. Kocha anayemchapa mtoto kwa bao alilofungwa anamwongezea moja zaidi.

Kabla ya michezo ya Rio, Misenga aliwaambia waandishi wa habari kwamba ana ndugu wawili ambao hazikumbuki tena sura zao, akalia mbele yao. Alitumaini kwamba, popote walipo, watamwona katika televisheni.