Kunukuu kortini: Nani kasema, wapi, na lina uzito gani?

Kitenzi ‘nukuu’ kina ndugu tunayemjua sote, ‘nakili’. Vyote viwili vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Anayenukuu basi ni mchukuzi. Amebeba maneno ya mwenzake, na mchukuzi mwema hufikisha mzigo ukiwa mzima na mwenye mzigo akijulikana.

Wanafunzi wangu wengi hudhani kunukuu ni adabu ya chuo kikuu tu, jambo la kumridhisha msimamizi wa tasnifu. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili. Hata hivyo, nikitaka waone uzito wa nukuu, huwapeleka kortini, ambako maneno yaliyonukuliwa yanaweza kumwachia mtu paa au kumlaza nje.

Tutazame Kariobangi. Mnamo Mei 4, 2020, wakati wa kafyu ya korona, matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu karibu na mitambo ya majitaka, ingawa wakazi walikuwa wamepata agizo la korti la kusimamisha shughuli hiyo. Mama aliyepoteza kibanda chake akisema, “Hii ni dhuluma,” kila mpita njia atamwelewa. Jaji naye atamwelewa, lakini atauliza swali jingine: dhuluma hiyo inakatazwa wapi, na nani alikwisha kuamua hivyo? Bila jibu la swali hilo, kilio kinabaki kilio. Kikipata nukuu, kinakuwa hoja.

Jibu hilo lilichukua miaka kutafutwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Haikueleza, hata hivyo, mtu anayeishi kwenye ardhi isiyo yake aondolewe vipi, na wakati huo hapakuwa na sheria ya Bunge iliyofafanua. Kijiji cha Mitu-Bell, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011 huku agizo la korti la kuzuia ubomoaji likiwapo. Kesi ilipoamuliwa Aprili 2013, Jaji Mumbi Ngugi alitumia miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhamishaji wa watu. Mwaka uo huo, Jaji Isaac Lenaola aliamua kesi ya wapangaji wa Muthurwa, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli hapo mlangoni mwa Eastlands, naye akaiegemea miongozo hiyo.

Hapo ndipo ugomvi wa nukuu ulipozuka. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa Mitu-Bell. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba miongozo ile si sheria ya Kenya, hivyo jaji hakupaswa kuitegemea. Kwa lugha ya mtaani, mahakama ilikuwa ikimuuliza jaji: “Huyo unayemtaja ni nani hapa kwetu?”

Swali hilo lilikuwa halali. Mahakama ya Juu ililijibu Januari 11, 2021, na kwa maoni yangu jibu lake linafaa kufundishwa katika kila darasa la uandishi. Ilikubali kwamba miongozo hiyo haina nguvu ya kumfunga mtu kama sheria. Kisha ikasema kwamba jaji anaweza kuitumia kama mwangaza wa kufafanua haki iliyomo katika Katiba na kuziba pengo, na kwamba Jaji Ngugi hakukosea kufanya hivyo. Kumbe kuna nukuu inayoamuru na nukuu inayoangaza. Anayenukuu lazima ajue ameshika ipi.

Uamuzi huo wenyewe sasa ni nukuu inayoamuru. Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazilazimisha mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu. Bunge nalo lilikuwa limeirekebisha sheria ya ardhi mwaka wa 2016 na kuweka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya mtu kuondolewa. Kwa hivyo, tingatinga lilipofika Kariobangi, maneno ya kunukuu yalikuwapo tayari. Ni kweli kwamba nukuu haina mikono ya kulizuia tingatinga alfajiri. Lakini ndiyo inayotofautisha bahati mbaya na uvunjaji wa sheria, na ndiyo anayoirithi mwathiriwa wa kesho.

Urithi huo unahitaji ghala. Ripoti za kesi za himaya ya Afrika Mashariki zina maamuzi ya tangu 1897, na kuanzia 1957 hadi 1975 mataifa yetu yalikuwa na mfululizo mmoja wa ripoti za pamoja. Baada ya hapo uchapishaji nchini Kenya ulikuwa wa kukatika-katika, na wakili mwenye nakala ya uamuzi kabatini alimshinda asiyekuwa nayo. Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria liliundwa kwa sheria ya 1994, na kazi yake ikashika kasi kuanzia 2001. Leo kijana wa Kariobangi anaweza kuusoma uamuzi wa Mitu-Bell kwenye simu bila kulipia kitabu. Alama yake, [2021] KESC 34, ni anwani kamili: mwaka, Mahakama ya Juu ya Kenya, na nambari ya uamuzi.

Sisi wasomi wa fani nyingine tuna deni kwa wanasheria. Mwaka wa 1873, Frank Shepard wa Illinois, Marekani, alianza kuuza orodha zilizoonyesha ni kesi ipi imetajwa na kesi zipi za baadaye, na kama ingali hai au imetenguliwa. Eugene Garfield aliliiga wazo hilo alipotoa faharasa ya marejeleo ya sayansi mwaka wa 1964. Tatizo ni kwamba tulichukua hesabu tukaacha mizani. Mwanasheria huuliza nukuu ina uzito gani. Sisi tunauliza zimefika ngapi, kisha tunapandishana vyeo.

Sasa kumezuka balaa jipya. Mwaka wa 2023, korti moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo hazijawahi kuwapo, zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Majina ya kesi yalisikika vizuri na nambari zilipangwa sawasawa. Walikuwa wachukuzi wa magunia matupu.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayenukuu asiridhike kwamba koma na mabano vimekaa mahali pake. Aufungue uamuzi ausome, atenge kiini chake na maneno yaliyosemwa kando, na ahakikishe haujatenguliwa. Huenda siku moja mtu aliyevunjiwa nyumba akasimama mbele ya jaji akiwa na maneno hayo tu mkononi.