Azimio la Musoma na Sanduku Lililofungwa

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, mji ambao ndani yake, hapa Mukendo, tunaandika makala hii. Azimio la Musoma linakumbukwa kwa elimu: kila mtoto apate shule ya msingi ifikapo 1977, na kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mambo haya mawili hayasimuliwi pamoja. Tunaona ni kosa.

Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 zilikuwa saba tu nchini. Mashine iliyofuata pale Wizarani, iliyotoka Uingereza, ilikabidhiwa hesabu za Serikali, ikashindwa. Wapo wanaoicheka marufuku ile kuwa ni woga wa maendeleo. Hatuwaungi mkono. Kazi ilitegemea wataalamu wa kigeni, na mtaalamu alipomaliza mkataba aliondoka na ujuzi wake. Taifa lililolipa kwa jasho la wakulima wa pamba na kahawa likabaki na sanduku lisilofunguka. Hata hivyo, marufuku ilizuia mashine, haikuzuia utegemezi. Hakuna aliyejifunza kurekebisha kompyuta kwa kutokuwa nayo.

Tutazame baiskeli hapa Mukendo. Nayo ilitoka ng'ambo, lakini kila kiungo chake kinaonekana. Fundi huchomelea keria pana zaidi, huimarisha fremu ibebe gunia la mihogo au ndoo za samaki, wala hamwandikii mwenye kiwanda kuomba ruhusa.

Kwamba kompyuta nayo yaweza kushikwa hivyo, ilionekana Desemba 2004, miaka thelathini baada ya Azimio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maelezo ya Kiswahili. Wenzetu wa Sweden walishiriki, nasi hatuoni haya kulisema. Jambo la msingi ni kwamba maandishi ya ndani ya OpenOffice yalikuwa wazi, na leseni yake ilimruhusu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Kwa programu iliyofungwa, Kiswahili kingesubiri mpaka kampuni ione faida katika soko letu.

Lakini makada wasidanganyike kwamba ruhusa ni uwezo. Kutafsiri maneno ya kwenye kioo ni kazi moja; kuandika upya kilichomo ndani ni nyingine, na ya pili ilihitaji watu ambao shule zetu zilikuwa bado hazijawatoa kwa wingi. Hapo ndipo Azimio la 1974 linapotudai. Mwanafunzi anayefundishwa kubonyeza vitufe tu, hata mbele ya programu iliyo wazi, sanduku lake bado limefungwa.